Haitham Atolewe au Timu Ifungwe

Kwenye basi dogo la kutoka mji wa Sib, Masouda alisikia jina la mwanawe kiti cha mbele. Kocha na katibu wa timu ya kikapu ya Haitham walikuwa wakibishana.

"Tumbadilishe Haitham na yule mrefu wa timu ya Ansab, angalau tushinde," alisema kocha.

"Hatoki mtu. Tufungwe tu mechi zilobakia. Anayeshika mkia ndiye anayetangulia kuchagua wachezaji wapya msimu ujao."

"Na vijana nani atawaambia wafungwe makusudi?"

"Si wewe kocha?"

Masouda alimfikiria mwanawe. Kila wakifungwa, Haitham hali chakula, akidhani kosa lake.

Basi liliposimama, aliwageukia mlangoni. "Mie mamake Haitham. Nnakwenda nyumbani sasa. Nikamwambie lipi?"

Kocha alimnyooshea kidole katibu, katibu akamnyooshea kocha.