Wavinya Nzuki, Aliyeniambia Niinue Mkono

Pasta Ben alikuja juzi akaniambia, "Mama, wasifu utaandika wewe, lakini weka tarehe." Mimi nilisoma kidogo sana, na kalamu inaniuma vidole. Tena ni mtoto anayeandikia mama yake, si mama. Nilikataa. Halafu nikafikiria, wakiandika wengine wataandika uongo. Basi haya.

Marehemu Mwalimu Wavinya Nzuki alizaliwa Kasikeu tarehe 14 Machi 1979, mtoto wangu wa pekee. Alikuja kwa taabu, ndiyo akaitwa hilo jina. Baba yake alifariki kabla mtoto hajaota meno.

Alisoma hapa Kasikeu, akaenda sekondari Tawa, kisha chuo cha walimu. Karo ilitoka kwa vikapu vya viondo nilivyosuka. Alianza kufundisha Kitui mwaka wa 2003, na 2011 akarudi shule ya nyumbani.

Hakuolewa. Nyinyi mnaonong'onezana huko nyuma, ndiyo hivyo, hakuolewa. Alikaa na mimi. Jioni tulikuwa wawili kwa meza, yeye anasahihisha vitabu, mimi nasuka, redio inaongea.

Mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka, miguu ikafura. Daktari akamwambia apumzike. Akamjibu gredi ya tatu haipumziki. Jumatatu tarehe 12 Mei akaniambia, "Mwaitu," yaani mama, "wiki hii tunafundisha kusuka, na mimi siwezi kusimama. Twende."

Siku hiyo watoto walisokota katani kwa paja, wakalia paja linawasha. Jumanne tukaanza kitako cha kiondo. Wavinya akiwa amekaa kwa kiti anaeleza, nikamkatiza: "Si hivyo!"

Akaniangalia juu ya miwani. "Mama Wavinya, hapa tunainua mkono."

"Mimi nilikuzaa, nikuinulie mkono?"

"Ulinizaa nyumbani. Hapa ni darasani."

Watoto walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwa dawati. Nilinuna. Njia yote ya kurudi sikumsemesha. Jumatano nilikaa kimya, namwona Kalondu, msichana wa dawati la mbele, akilegeza uzi, na ulimi unaniwasha. Alhamisi nikainua mkono. Wavinya akaniacha hivyo kidogo, makusudi, ndiyo akasema, "Ndiyo, mwanafunzi wangu."

Ijumaa viondo vilikuwa vimefika nusu. Akasema vikae kwa kabati la darasa, tutavimaliza akipata nafuu.

Hakupata. Alilazwa mwisho wa mwezi huo, akatuacha Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, nikiwa nimemshika mkono.

Ameacha mimi. Pasta alitaka tuandike wajomba na binamu, lakini hao jioni wanaenda kwao. Ameacha mimi, na hivyo viondo kwa kabati. Mungu aipumzishe hiyo miguu yake.

Sasa nyinyi gredi ya tatu, nawaona hapo na yunifomu. Kiondo bila mdomo hakibebi kitu. Jumatatu mkitoka shule mvilete kwangu, mlango mnaujua. Na wazazi msiwazuie, ile meza ni kubwa kwa mtu mmoja. Lakini mtu asiongee kabla ya kuinua mkono.