Mto Wenye Uzi Mwekundu

Ndugu na majirani, asanteni kwa kuja kumsindikiza Etelka. Haya yameandikwa na mume wake, Dénes. Sikusoma, kwa hiyo ni mafupi. Binti yetu Gizella anawasomea.

Marehemu Etelka alizaliwa tarehe 19 Novemba 1950 hapa hapa Somosberek, mtoto wa pili wa Lőrinc Csordás, fundi wa kwato za farasi, na mkewe Terka. Alizaliwa jikoni. Chumba cha mbele kilikuwa kimetoka kupakwa chokaa, na mama yake hakutaka kichafuliwe.

Alimaliza darasa la nane mwaka 1965. Kwa hesabu alikuwa wa kwanza. Mume wake aliacha darasa la tatu akaenda kuchunga kondoo, na kuandika amefundishwa na marehemu, baada ya ndoa, mezani. Alikuwa mwalimu mkali. "Hiyo ni herufi au mguu wa kuku?" ndivyo alivyokuwa akiuliza.

Kuanzia 1968 alifanya kazi katika ushirika wa bata bukini, upande wa manyoya, mpaka ushirika ulipovunjwa mwaka 1991. Baada ya hapo alishona mito nyumbani akaiuza sokoni kila Alhamisi. Mto wa Etelka hauvuji unyoya hata mmoja. Wengi wenu mnaulalia.

Tulifunga ndoa tarehe 23 Oktoba 1971. Alikuja na mito minane ya kwao. Ilipitishwa kijijini juu ya mkokoteni, watu wakiimba, kama desturi yetu ilivyo. Ikapangwa kitandani chumba cha mbele mpaka karibu na dari, na hakuna aliyeilalia. Chumba cha mbele ni cha wageni, na wageni wetu walilala kwao.

Mwaka 2006 paa lilikuwa linavuja. Tulikopa benki, nyumba ikawekwa rehani. Kijana wa benki akasema tukope kwa faranga za Uswisi, riba yake ndogo. Nusu ya kijiji ilikopa hivyo. Faranga yenyewe hatukuwahi kuiona kwa macho. Ilipanda, na marejesho yakapanda karibu mara mbili. Tukadaiwa dukani, tukadaiwa gesi, tukadaiwa na fundi wa paa.

Etelka akakaa, akapiga hesabu, akasema:

"Baba Gizella, kuni za kupasha moto nyumba nzima hatuna. Na nyumba si yetu, ni ya benki. Basi benki ilale humo, sisi twende jiko la uani."

"Benki itasikia baridi," nikamwambia.

"Isikie."

Tulikaa kwenye jiko la uani miaka kumi na miwili. Kitanda kimoja, jiko moja, meza moja. Aliuza mayai, aliuza mito. Tumbaku yangu aliikata nusu, halafu nusu ya nusu, mwisho akaniachia kiko. Kila Jumapili baada ya kanisa aliweka kilichobaki cha wiki. Wiki nyingine zilibaki forinti mia mbili tu, akaziweka hizo hizo. Alimaliza kwanza deni la duka, kisha gesi, kisha fundi wa paa. Kila deni lilipokwisha tulikula bata. Kwa hiyo tulikula bata watatu.

Likabaki la benki. Mwaka 2019 nilivunjika mguu, tukakosa kulipa miezi kadhaa. Ikaja barua: kilichobaki chote kilipwe hadi Jumatatu, tarehe 16 Septemba, la sivyo nyumba inapigwa mnada. Etelka akaisoma mara mbili, akasema, "Ipo. Inatosha kabisa." Ipo wapi, sikuuliza. Akaenda kwa Gizella kumsaidia kusindika matunda ya plamu, arudi Jumamosi.

Ijumaa akaja Bi Aranka wa mtaa wa juu. Yupo hapa leo, atanisahihisha. Alikuwa anamwoza binti yake siku ya pili na kitanda cha bibi harusi kilipungukiwa mto mmoja. Ya kuuza ilikuwa imekwisha. Nikaingia chumba cha mbele, nikachukua mmoja katika ile minane, wenye uzi mwekundu pembeni. Nikauuza forinti elfu tisa. Nilijisifu usiku kucha.

Jumamosi Etelka akashuka basi, nikamwonyesha zile elfu tisa. Nikamwambia ni za mto mmoja wa chumba cha mbele. Akauliza:

"Uzi wa rangi gani?"

"Mwekundu."

"Baba Gizella, umeiuza nyumba."

Tukatoka mbio, mimi na mguu wangu. Tela la bibi harusi lilikuwa linakaribia mlango wa kanisa, linavutwa na trekta, mito imepangwa juu, watu wanaimba. Etelka akasimama mbele ya trekta akainua mikono.

"We mama, unataka kugongwa?" dereva akapiga kelele.

"Nataka mto wangu!"

Bi Aranka akashuka na mikono kiunoni. "Etelka! Nimeulipia kwa mumeo. Au unataka kumkagua na bibi harusi?"

"Bibi harusi mzuri, simgusi. Nipe mkasi tu."

Akapanda telani. Akaupata uzi, akakata, akaingiza mkono mpaka begani. Manyoya yakaruka, yakamwangukia padri, yakawaangukia wapiga fidla, bibi harusi akawa mweupe mara ya pili. Na Etelka akatoa bahasha, tena bahasha, tena bahasha. Saba. Ndizo pesa zote za Jumapili. Kisha Bi Aranka akaanza kucheka, na kijiji kizima kikacheka. Etelka akaushona ule mto pale pale, akambusu bibi harusi, na sisi tukakaa harusini mpaka asubuhi.

Njiani akaniambia: "Siku ukiniuza mimi, angalia kwanza nina nini ndani."

Jumatatu alilipa. Tuliporudi alifungua chumba cha mbele, akaingia na viatu vyake, yeye ambaye hakumruhusu hata padri, akajitupa kitandani juu ya mito yote saba. Akasema, "Toka, benki." Usiku ule tulikula bata wa nne. Tangu siku hiyo tulilala chumba cha mbele, miaka mitano, na sijamwona mtu akilala kwa furaha namna ile.

Mwaka jana moyo ulianza kuchoka. Hospitali walitaka abaki. Akawaambia ana kitanda chake, kimelipiwa. Alifariki Jumanne, tarehe 5 Novemba 2024, saa moja asubuhi, chumba cha mbele. Zilibaki siku kumi na nne atimize miaka sabini na minne.

Ameacha mume, Dénes, watoto wawili, Gizella na Vendel, wajukuu watatu, dada yake Rozál, na bukini kumi na mmoja. Deni hakuacha.

Bi Aranka jana aliuleta ule mto wenye uzi mwekundu, binti yake ameurudisha. Ndio ulio chini ya kichwa cha Etelka. Nimeuangalia ndani kwanza, mama Gizella, kama ulivyoniagiza. Ni manyoya tu. Lala salama, hapo ni pako.