Bi Mkasi, Simu Yetu ya Karatasi

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu Bi Mkasi atatimiza miaka ishirini na tisa katika kampuni yetu, na jioni ya siku hiyohiyo atarudisha ufunguo wa chumba cha majaribio na kustaafu rasmi. Ufunguo atarudisha, mkasi hatarudisha. Mkasi ni wake, alikuja nao siku ya kwanza, na yeyote aliyewahi kuuazima ili akatie mkanda wa sanduku anajua yaliyompata.

Aliajiriwa kama mchoraji katika chumba cha uchapishaji, enzi zile kampuni ilipokuwa ikiishi kwa mabango, kalenda na lebo za chupa. Kisha watu wakahamia kwenye simu, na kampuni nayo ikawafuata huko. Mitambo ya kuchapia iliuzwa, wenzake wengi unga ulimwagika, na Bi Mkasi akabaki na meza, kalamu na hofu ambayo hakujaribu kuificha. Aliyemtoa kwenye hofu hiyo ni msanifu wetu wa programu, wakati huo bado mgeni kazini, aliyekuja na wazo ambalo ofisi nzima ililicheka. Alitaka kila programu ya simu ichorwe kwanza kwenye karatasi, ukurasa kwa ukurasa, kitufe kwa kitufe, kabla mafundi wa kompyuta hawajaandika hata mstari mmoja. Kisha aitwe mtu kutoka nje, aipapase kwa kidole kana kwamba ni simu ya kweli. Akigusa kitufe, mtu aliyekaa mbele yake aondoe karatasi hii na kuweka ile inayofuata. Kosa la karatasi dawa yake ni kifutio, lakini kosa likishaingia kwenye programu kulitoa ni kazi ya miezi.

Yule anayebadilisha karatasi tunamwita "simu". Anayejaribu tunamwita "mgeni". Tangu siku hiyo hadi leo, simu yetu imekuwa Bi Mkasi.

Kazi hiyo inaonekana rahisi mpaka uijaribu. Simu haisemi, haitabasamu, haikunji uso mgeni anapopotea. Ili asijisahau, Bi Mkasi alijiwekea utaratibu wake: akivaa sweta lake la kijivu, yeye si mtu tena. Ukimsalimu haitiki, ukimwambia nyumba yake inaungua hageuki. Mhasibu mmoja mpya alipeleka malalamiko kwa mkurugenzi kwamba kuna mama amempita kwenye korido, amemwamkia, na yule mama akamtazama kama ukuta. Alipoelezwa kwamba siku ile alikuwa amemwamkia simu, nasikia aliuliza kama bado anaweza kurudi kazi yake ya zamani.

Kupitia mikono hiyo zimepita programu nyingi ambazo leo ziko mifukoni mwa watu: ya kupanga siku ya kliniki, ya ratiba za shule, ya kutafuta basi. Tumeona mengi. Feni ilipeperusha ukurasa wa mbele hadi dirishani, na tangu hapo feni ikapigwa marufuku, tukawa tunatoka jasho kwa ajili ya sayansi. Mgeni mmoja aliiweka karatasi sikioni na kusema haloo. Bibi mmoja aliweka vidole viwili juu ya karatasi na kuvitanua, ili maandishi yakue. Sisi wengine tulizuia kicheko, lakini Bi Mkasi, uso umetulia kama maji mtungini, aliinama chini ya meza akatoa ukurasa uleule aliouchora kwa herufi kubwa. Alikuwa amemtarajia bibi yule kabla hajazaliwa kwenye mawazo yetu.

Tena kuna karatasi moja maarufu kuliko zote. Mgeni akigusa mahali ambapo hatujachora kitu, Bi Mkasi humpa ukurasa ulioandikwa: "Samahani, huduma hii haipatikani kwa sasa." Taratibu karatasi hiyo ilianza kuhudhuria vikao. Mkurugenzi alipotaka kazi ya wiki ikamilike kesho, hakubishiwa. Alitelezeshewa tu karatasi mezani. Mgala muue na haki yake mpe: mkurugenzi wetu alicheka kila mara, hata siku zile ambazo hakupenda.

Lakini nikiulizwa Bi Mkasi ni nani, sitasimulia karatasi hiyo. Nitasimulia habari za mdogo wake, ambazo wao wawili wameniruhusu kuziandika hapa.

Mdogo wake, ambaye sisi sote tunamwita Mama Mdogo, ni fundi cherehani mjane aliyekuwa akiishi peke yake, nyumba ya pili kutoka kwa dada yake. Kiharusi kilimpata akiwa kwenye cherehani. Mkono wa kulia ulilegea, na maneno yakamtoka yote. Alielewa kila anachoambiwa, alijua anachotaka kujibu, lakini mdomo haukumtii. Familia ilikaa ikaona hawezi tena kuachwa peke yake dada yake akiwa kazini, kwa sababu akizidiwa atamwambia nani, na atasemaje? Mwanawe anayefanya kazi mbali akajitolea kumchukua. Alisema kwa upendo na hakuna aliyeweza kumlaumu. Mama Mdogo alitikisa kichwa, akashika fremu ya mlango wake kwa mkono mmoja uliobaki na nguvu. Ikakubaliwa asubiri mpaka mwanawe aje likizo, ndipo ahamishwe.

Ilikuwa ni katika miezi hiyo ambapo hospitali moja ilituagiza programu ya watu waliopoteza usemi. Mgonjwa anagusa picha, simu inatamka neno: maji, dawa, naumwa, njoo. Bi Mkasi alizichora picha zote mwenyewe, na sijawahi kumwona akichora vile, ulimi nje kidogo kama mtoto wa darasa la kwanza. Zilipokamilika alisema anataka kumleta mdogo wake awe mgeni. Msanifu alisita, maana wageni wetu huwa ni watu tusiowajua. Bi Mkasi alimwambia kwamba hao asiowajua wataijaribu programu, ila mdogo wake ataitumia au atahamishwa.

Mama Mdogo alikuja amevaa gauni alilolishona mwenyewe kabla ya kuugua. Bi Mkasi alivaa sweta, akakaa mbele yake, na kazi ikaanza. Omba maji: akagusa maji. Sema unapoumwa: akagusa bega. Mwite jirani aje kukusaidia: akapita kurasa zote bila kukwama hata mara moja na kugusa picha ya msaada. Msanifu alilengwa na machozi. Mkurugenzi alipiga simu hospitali palepale kutangaza habari njema. Bi Mkasi alivua sweta na kumkumbatia mdogo wake, tukapiga makofi, tukadhani tumemaliza.

Kesho yake asubuhi Bi Mkasi aliingia na kufunga mlango kabla hata ya kutusalimu. Alisema jana jioni alizipanga zile karatasi kwenye meza ya jikoni kwa mdogo wake, wafurahie tena. Kisha akatoka nje kuanua nguo, akimwachia jirani kazi ya kubadilisha kurasa. Aliporudi alimkuta Mama Mdogo mkono umening'inia hewani, haujui uende wapi.

"Hakuwa anatazama picha," alisema. "Alikuwa ananitazama mimi."

Macho hayana pazia. Ule uso ambao wageni wote waliuona kama ukuta, mtu mmoja duniani alikuwa anaujua tangu utotoni. Kila kidole cha Mama Mdogo kilipokaribia picha sahihi, dada yake alipumua, na kilipopotea, alibana pumzi. Hakukusudia. Sweta lilimficha kwa watu wote isipokuwa huyo aliyebebwa naye mgongoni.

Angeweza kunyamaza. Programu ilishasifiwa, hospitali ilishaambiwa, na kwa majibu yale mwanawe Mama Mdogo angekubali mama yake abaki. Alichokiomba ni tuyafute majibu yote na kurudia, yeye akiwa nje ya chumba. Mkurugenzi alianza kueleza jinsi tulivyobanwa na muda, na karatasi ile maarufu ikatelezeshwa mbele yake. Safari hiyo hakucheka. Aliisoma, akaikunja, akapiga simu hospitali kwa mara ya pili.

Sweta nililivaa mimi. Bi Mkasi alikaa kwenye benchi la korido, mlango umefungwa. Mama Mdogo alinitazama usoni, hakupata kitu, akashusha macho kwenye karatasi. Picha zilikuwa nyingi mno na ndogo mno. Tulipomwomba aite msaada, aliupita mkono ulioinuliwa, picha ya msaada ambayo Bi Mkasi aliichora kwa fahari kubwa, akaurudia, akaupita tena. Kwake mkono ule ulikuwa ni salamu, au askari anayesimamisha magari. Alijaribu mpaka akaacha, akaziba macho kwa kiganja. Iliniuma, na simu hairuhusiwi kuumwa, kwa hiyo nilikaa tu.

Bi Mkasi alipoitwa alipiga goti mbele ya mdogo wake na kumwambia maneno ambayo kwa miaka yote amemwambia kila mgeni akimsindikiza getini: "Aliyekosea ni karatasi. Si wewe." Nilikuwa nimeyasikia mara nyingi nikidhani ni adabu tu.

Siku zilizofuata alizichana picha zake mwenyewe. Zikabaki nne kwa kila ukurasa, kubwa kama kiganja. Kwa msaada alichora picha za kila aina, akazitandaza, akaondoka chumbani ili mdogo wake achague bila uso wa kuusoma. Mama Mdogo alichagua watu wawili, mmoja amemshika mwenzake kiwiko. Wageni wengine waliopoteza usemi nao waliitambua mara moja, na ndiyo iliyomo kwenye programu hadi leo.

Jaribio la mwisho lilifanyika wiki ambayo mwanawe alikuja. Alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na funguo za gari mkononi. Bi Mkasi alikuwa koridoni. Mimi nilibadilisha karatasi na msanifu akawa sauti, akisoma kwa nguvu kila picha iliyoguswa. Mama Mdogo aliomba maji, akamwita jirani. Kisha msanifu akamwambia aseme lolote analotaka yeye. Alichukua muda. Kidole chake cha kushoto kilikwenda polepole, ukurasa hadi ukurasa, na msanifu akasoma: "Mimi. Kaa. Nyumba. Yangu."

Mwanawe aliinuka, akatoka kumwita mama yake mkubwa pale kwenye benchi, nasi tukasikia wote wawili wakilia koridoni bila aibu yoyote. Mama Mdogo hakuhamishwa. Bado yuko nyumba ya pili kutoka kwa dada yake, na jirani akiisikia simu ya Mama Mdogo ikiita, anajua maana yake nini.

Bi Mkasi, kwa niaba ya idara nzima tunakushukuru. Asante kwa wageni wote waliotoka chumbani mwetu wakiwa wima, wakijua kwamba si wao wajinga. Asante kwa kutufundisha kwamba jibu zuri tusilolistahili si jibu. Sweta tutalitunza, ingawa hakuna hata mmoja wetu linayemkaa vizuri.

Tulitaka kijitabu hiki cha hafla ya kumuaga kiwe na neno kutoka kwa familia, tukaenda kumwona Mama Mdogo nyumbani kwake. Tangu augue, kila asubuhi kabla ya kuja kazini Bi Mkasi hupita kwake, huchemsha chai, humimina vikombe viwili na kuinywa ya kwake amesimama, kwa sababu basi halimsubiri. Siku ile tulimkuta huko, tukamwomba atoke uani kidogo, naye alitii, kwa kuwa sheria ni yake. Mama Mdogo aliweka simu mapajani, simu ya kweli sasa, yenye sauti. Alitafuta picha moja moja bila kumtazama yeyote kati yetu, kisha akaigeuza kuelekea dirishani na kuongeza sauti mpaka mwisho, ili mtu aliyekuwa uani asikie.

"Dada. Kaa. Chai naleta mimi."

Sisi hatuna la kuongeza juu ya hapo. Kaa, Bi Mkasi, uinywe ikiwa bado ya moto, na miaka yote inayokuja iwe mirefu na mitulivu kwenu nyote wawili.