Maharagwe ya Sabato na Jiko Lisilo na Moto

Kama umewahi kupita steji ya Ndhiwa Ijumaa jioni ukasikia watu wazima wakipigiana kelele juu ya kitu kisichowahusu, pole, ni sisi. Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Arasa, fundi wa simu tunayemwita Injinia kwa sababu hajawahi kufungua simu akairudisha bila skrubu moja kubaki mezani. Kando yake huketi Stanley, tunayemwita Shemasi kwa sababu ni shemasi kweli, wa kanisa la Wasabato pale juu. Mwisho wa benchi yuko Marcella na jiko lake la makaa, na juu ya jiko birika la kahawa ya tangawizi, ambalo bila hilo tungekuwa tumeshatawanyika zamani. Mimi wananiita Hakimu. Nasikiliza pande zote mbili kwa makini, kisha nakosea.

Ijumaa hiyo, kama saa kumi, Jacktone alitokea amekumbatia kikapu kikubwa. Huyu tunamwita Bwana Arusi. Alioa mwaka juzi na mpaka leo anatembea kama mtu anayepigwa picha. Mke wake ni Bathsheba, binti wa Mzee Omanga, Mkisii anayeuza nafaka soko la Kosele na ambaye ni mzee wa kanisa la Wasabato huko, na hapo ndipo shida yote ilipo. Mzee Omanga amekuja kwa Jacktone mara mbili. Mara zote mbili aliketi, akaomba maji, akasema ameshiba, akaenda zake. Kwa watu wetu, mkwe asiyekula kwako bado hajakukubali, na wala hahitaji kukuambia.

Arasa: Omera, ndugu yangu, umefukuzwa na nguo zako?

Jacktone: Hii si nguo. Hii ni jiko.

Arasa: Jiko gani ya kubebwa kwa kifua?

Jacktone: Jiko bila moto. Bathsheba ameitoa kwa kikundi ya akina mama. Unaweka sufuria ndani, unafunika, unaenda kutembea. Ukirudi, chakula imeiva.

Marcella: Imeivishwa na nani?

Jacktone: Inajiivisha.

Alikiweka kikapu chini katikati yetu, akafunua kidogo tuone. Ndani kulishonewa vipande vya blanketi na sweta kuukuu, na katikati ya matambara hayo sufuria ilikuwa imelala vizuri, imefunikwa kwa mfuniko, na juu ya mfuniko mto mdogo. Sufuria yenyewe hakuifungua. Bathsheba alikuwa amekataza kabisa.

Jacktone: Ameenda Kosele asubuhi kuleta baba yake. Wanalala kwangu, kesho tunatoka kanisa, tunakula. Chakula ingine alimaliza kupika jana. Mimi ameniachia maharagwe peke yake.

Stanley: Na lazima iwe tayari kabla jua izame. Jua ikizama Sabato imeingia, hakuna kuwasha jiko.

Jacktone: Si ndio hiyo! Na mzee hakuli nyama. Maharagwe ndio nyama yake. Hii ikikataa, kesho ataomba maji tena, na mimi nitahama Ndhiwa.

Alisema hivyo akicheka, lakini macho hayakucheka. Tulimhurumia, na watu wa benchi letu wakimhurumia mtu, huanza kumshauri. Hapo ndipo anapaswa kukimbia.

Marcella: Na kwa nini hujaacha hii kitu nyumbani?

Jacktone: Watoto wa ndugu yangu wako. Wale hawawezi kuona kitu imefunikwa waiache.

Arasa: Maharagwe yenyewe ni ya wapi? Kuna zingine hata ukichemsha na petroli haziivi.

Jacktone: Bathsheba alinunua hapa soko, jioni watu wakifunga, wakati wanaongeza vizuri. Na yeye hapimiwi ovyo. Kwanza anageuza gorogoro, ile mkebe ya kupimia, anapiga matako ya mkebe ngumi. Kama imebonyea kwa ndani kuiba kipimo, anaenda kwa mwingine.

Marcella: Huyo ni mke. Shikilia.

Stanley: Lakini mimi sijaelewa. Joto inatoka wapi?

Swali zuri, nakubali. Tatizo ni kwamba liliulizwa mbele ya Arasa.

Arasa: Shemasi, umewahi kuingiza mkono kwa gunia ya mahindi yenye haijakauka?

Stanley: Nimewahi.

Arasa: Ulisikia nini?

Stanley: Joto.

Arasa: Nani aliwasha makaa ndani ya gunia?

Stanley: Hakuna.

Arasa: Basi. Nafaka iko na moto yake ndani. Watu tunapika nafaka miaka yote na tunalipa makaa bure.

Marcella aliinama akagusa kikapu kwa nje, akagusa tena kwa upande wa chini.

Marcella: Mbona iko baridi?

Arasa: Hapo sasa! Hiyo ndio dalili inafanya kazi. Friji ndani ni baridi, nyuma ni moto. Hii ni friji imegeuzwa. Nje ikiwa baridi, ujue ndani ni moto kabisa.

Marcella: Na nje ingekuwa moto?

Arasa: Ningesema joto inavuja.

Jacktone alitabasamu kwa mara ya kwanza. Mimi pia, nakiri, niliona kuna akili fulani mle. Stanley alikunywa kahawa yake polepole, akaamua kuchangia.

Stanley: Mimi naona ni hizo sweta. Jacktone, hizo sweta ni za nani?

Jacktone: Moja ni ya Bathsheba ya shule. Ile ya kijani ni ya nyanya yangu, marehemu.

Stanley: Nyanya yako alikuwa mkali?

Jacktone: Yawa, yule? Mbwa walikuwa wanambishia hodi.

Stanley: Basi usiwe na wasiwasi. Hiyo sweta peke yake inaweza kuivisha mguu wa ng'ombe.

Arasa: Na hiyo ya shule iko na joto ya mtihani.

Tulicheka mpaka Marcella akashika birika lisimwagike. Kisha mimi, ambaye kazi yangu ni kuamua, nikauliza kwa nini kuku huangua mayai bila kununua makaa hata kidogo. Niliuliza hivyo tu, kupitisha jioni. Lakini Arasa aliruka.

Arasa: Hakimu amemaliza! Hii kitu inataka kuatamiwa!

Jacktone: Bathsheba hakusema hivyo.

Arasa: Wanawake hawasemi kila kitu. Leta.

Akakalia kikapu. Arasa si mtu mdogo. Kikapu kililia kidogo, kisha kikamzoea, na mtu mzima akatulia pale kando ya barabara akiwa ameshika kikombe cha kahawa na uso mzito wa kazi.

Marcella: Injinia, unasikia kitu?

Arasa: Inaanza.

Stanley: Geuka. Umekaa ukiangalia Migori. Angalia upande wa Homa Hills, kule kuna maji ya moto inatoka chini ya ardhi yenyewe. Joto inatembea.

Jacktone: Geuka, Injinia, tafadhali.

Arasa akageuka pamoja na kikapu. Wakati huo hata wateja wa simu walikuwa wamesimama kutazama. Mmoja aliuliza simu yake iko wapi, akaambiwa angoje maharagwe ya mkwe.

Hapo simu ya Jacktone ikalia. Aliiweka kwa sauti ya juu ili sote tusikie jinsi mke wake anavyompenda.

Bathsheba: Jack, tumefika Rodi. Gari ikijaa tu, tunakuja kushuka hapo steji. Baba anauliza kama kila kitu iko tayari.

Jacktone: Kila kitu, mpenzi. Mwambie baba asijali. Kikapu inafanya kazi mpaka watu wanashangaa.

Bathsheba: Asante sana. Na ulichemsha dakika ngapi?

Jacktone alitazama kikapu.

Bathsheba: Jack? Kabla uweke kwa kikapu. Maharagwe ilichemka dakika ngapi?

Jacktone: Hallo? Hallo? Unapotea.

Bathsheba: Mimi nakusikia vizuri sana.

Jacktone: Hallo? Mtandao ya Rodi ni mbaya...

Akakata. Arasa aliinuka kutoka kwenye kikapu polepole, kama mtu anayeondoka kwenye kiti cha daktari.

Marcella: Jacktone. Hukuchemsha?

Jacktone: Aliniambia jiko bila moto! Bila moto! Sasa mimi niwashe moto ya nini?

Marcella: Uliweka nini ndani ya hiyo sufuria?

Jacktone: Maharagwe. Zile amelowesha tangu jana.

Marcella: Na?

Jacktone: Na maji ya mtungi.

Marcella alifungua sufuria mwenyewe. Maharagwe yalikuwa chini, yametulia, maji safi juu yake, baridi kama ya kuoga asubuhi. Tulikuwa tumeyaatamia, tumeyaelekeza Homa Hills, tumeyapa sweta ya marehemu, na hayakuwa yamepata habari. Jacktone aliketi chini pale pale, vumbini na suruali yake safi. Nilimwona akitazama barabara ya kutoka Rodi, nikaacha kucheka kabisa.

Stanley: Jua bado iko. Lakini haijakaa vizuri.

Marcella: Shikeni vikombe.

Alitumiminia kahawa yote iliyobaki, akaliweka birika chini, akatwaa sufuria na kuipandisha kwenye jiko lake. Kisha akamwaga makaa yake yote ya akiba juu ya moto, makaa ambayo siku nyingine hupanga vidonge viwili viwili kama dawa.

Marcella: Injinia, ulikuwa na maneno mengi. Puliza sasa.

Arasa akapiga magoti. Alipuliza mpaka miwani yake ikaingia majivu. Mimi nilipepea kwa kipande cha boksi la simu. Jacktone alishika mfuniko kwa mikono miwili, akiinua kila mara kuchungulia, na Marcella akimpiga kiganja kila mara.

Marcella: Ukifungua unatoa joto!

Jacktone: Bathsheba pia alisema hivyo.

Marcella: Hiyo moja ulisikia.

Stanley alisimama katikati ya barabara, mkono juu ya macho, akitutangazia jua kama mtu wa mpira.

Stanley: Imefika juu ya miti! Iko kwa miti! Imeingia kwa miti!

Jacktone: Imechemka?

Marcella: Bado.

Stanley: Nusu iko nje!

Kisha mfuniko ukaanza kucheza. Povu likapanda, Marcella akaliondoa, maharagwe yakaanza kupinduka kwa fujo, na sisi tukapiga makofi kama watu wasio na kazi, ambao kwa kweli ndio sisi. Marcella aliyaacha yachemke hasa, hakuna aliyethubutu kumharakisha. Alipoitikia kwa kichwa, Jacktone alibeba sufuria ikitoa mvuke, akaitumbukiza kikapuni, sweta zikaizunguka, mto ukakaa juu, mfuniko wa kikapu ukafungwa kwa kamba.

Stanley: Imeenda! Jua imeenda!

Tulikumbatiana. Arasa alimkumbatia hata yule mteja. Marcella alikusanya makaa yaliyobaki akayafunika majivu, na Jacktone akagusa kikapu kwa upande.

Jacktone: Ni baridi kwa nje!

Arasa: Si nilisema!

Gari lilisimama dakika hiyo hiyo. Bathsheba alishuka kwanza, akamtazama mume wake, suruali yake, uso wa Arasa mweusi kwa majivu, na akaelewa kila kitu bila kuambiwa. Nyuma yake alishuka Mzee Omanga, mfupi, koti limefungwa vifungo vyote, mwavuli mkononi ingawa hapakuwa na mvua tangu wiki iliyopita. Alitusalimia mmoja mmoja kwa mkono. Kisha akaona kikapu.

Mzee Omanga: Hii ni nini?

Jacktone: Chakula ya kesho, baba. Maharagwe.

Mzee Omanga: Imeiva?

Jacktone: Inaiva, baba. Inajipika yenyewe usiku wote mpaka kesho. Hakuna moto.

Mzee alitazama magharibi, mahali jua lilipokuwa. Akatazama kikapu. Akainama, akaweka sikio karibu na mfuniko, na kweli mle ndani kulikuwa na sauti ndogo ya kububujika.

Mzee Omanga: Sabato imeingia.

Stanley: Imeingia, mzee wetu.

Mzee Omanga: Hakuna mtu anapika.

Jacktone: Hakuna hata mmoja, baba.

Mzee Omanga: Sasa humu ndani, ni nani anafanya kazi?

Arasa alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaufunga. Mimi nilitazama viatu vyangu. Sote tukamgeukia Stanley, na Shemasi akainua kikombe chake kunywa, akakuta kitupu, akaendelea kunywa. Bathsheba alishika mkono wa mume wake.

Mzee alitutazama mmoja mmoja. Akanyoosha koti lake.

Mzee Omanga: Hiyo ni swali kubwa. Nitapeleka kwa wazee wa kanisa.

Jacktone: Kesho, baba?

Mzee Omanga: Kesho jioni. Mchana sina nafasi, nitakuwa nakula kwa mkwe wangu.