Atupele na Bakteria wa Mama Yake

Atupele Mwazembe ametumikia maabara za serikali kwa miaka thelathini na sita, na tarehe 30 Juni mwaka huu anastaafu akiwa kituo cha afya hapa Mpemba, Tunduma. Maneno ya kumuaga wenzake walitaka waandike wao. Nikawaambia ninyi mtaandika vyeti tu, nipeni mimi mama yake. Darasa la nne nilifika, na mwandiko wangu unasomeka.

Alianzia Mkwajuni, enzi hizo barabara ni vumbi tupu. Darubini ya maabara aliipakata juu ya pikipiki, imefungwa kwa kitenge changu kipya ambacho hadi leo hakijarudi. Wachimba dhahabu waliona aibu kutema makohozi ya kupimwa kifua kikuu kwenye kikopo mbele ya binti. Akawageuzia mgongo, akawaambia hata kwetu Mbozi watu wanatema, temeni. Wakatema. Alipohamia Tunduma akajifunza kuwasalimia madereva wa Zambia kwa Kibemba, "Muli shani?", wakaacha kumkwepa.

Wahudumu wengi humuuliza mgonjwa, umemeza dawa? Sasa nani atasema hapana? Atupele huuliza, "Dawa inakusumbua nini?" Hapo mtu anafunguka. Mmoja kichefuchefu, mwingine mume hajui kama anaumwa. Watafiti walipokuja kituoni kuwahoji wagonjwa wanazionaje dawa zao, swali hilo walilichukua kwake. Hilo kwenye vyeti halimo.

Mtu mmoja tu hakumuuliza, mimi. Nilipougua kifua kikuu, watafiti walinihoji, nikajibu dawa nazipenda kama chai. Kumbe mwezi wa nne wa matibabu, Atupele yuko masomoni Mbeya, nilijiona mzima, na ule mkojo mwekundu wa dawa ulinitisha. Nikawa navitia vidonge kwenye kopo la kahawa.

Mwaka uliofuata kikohozi kikarudi. Nikasema nimeambukizwa na Justina, jirani yangu, maana naye aliwahi kuugua akatibiwa. Nilisema mpaka kanisani. Akina mama wakaacha kuingia kwake, hata kikombe wakamtengea. Justina akawa anakaa benchi la nyuma peke yake.

Watafiti walikuwa wamehifadhi makohozi yangu ya mara ya kwanza, na ya Justina pia. Justina mwenyewe akaridhia yalinganishwe. Atupele akayaombea nafasi pamoja na makohozi yangu mapya, yakaenda maabara kubwa kusomwa vinasaba vya bakteria. Alivyonieleza, bakteria wana maandishi ndani yao, ukiyasoma unajua ukoo wao, kama ng'ombe wa Momba wanavyojulikana kwa chapa. Majibu yakaja. Wa Justina ni ukoo mwingine kabisa. Wangu ni wale wale wa zamani, hawakuwahi kuondoka. Heri tu kwamba dawa zilikuwa bado zinawaua.

Angeweza kuyafungia majibu yale kabatini, jirani akabaki na lawama, mama yake akabaki na heshima. Nani angejua? Alikuja nyumbani, akaketi, hakunigombeza. Akasema, "Mama, dawa ilikusumbua nini?"

Nikaenda nikaleta lile kopo.

Jumapili nikasimama kanisani, nikasema kweli yote mbele ya wale wale niliowajaza maneno. Justina alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimekusamehe, dada. Ila kila asubuhi nakuja, unameza, unafungua mdomo nione." Kanisa zima likacheka, nami nikacheka. Miezi sita alikuja, hata siku za mvua, na mdomo nilifungua. Nikapona.

Basi mtu akikuuliza Atupele alifanya nini miaka yote hiyo, usianze na mashine. Mwambie alikataa kumwonea mtu, hata mwenye kosa alipokuwa mama yake mzazi. Nani mwingine ana mtoto kama huyo? Namtafuta, sijamwona.

Wanakituo, ahsanteni kwa kunitunzia mwanangu. Atupele, kahawa yako kule Mbozi imeiva, nenda ukaichume bila haraka. Ulale mpaka jua likuamshe, Mungu akupe afya na wajukuu wa kukuchosha. Kitenge kaa nacho. Siku ya sherehe mimi na Justina tumeshika viti vya mbele, kikombe kimoja tunachangia. Na jioni ukija kuniuliza dawa ya presha inanisumbua nini, nitakuambia kweli.

Mama yako, Enesi