Mungu Aliniokoa na Muhali

Alhamdulillahi, ndugu zangu! Darsa imekwisha na najua mna haraka, lakini leo sikai mpaka niseme. Mwenyezi Mungu amenitendea jambo, na nikinyamaza nitakuwa sina shukrani.

Wengi wenu mnanijua. Mimi ni Asha, mjane, nafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli hapa Mji Mkongwe. Nina mtoto mmoja tu, Rukia, aliyekuwa akisoma chuo kule Tunguu. Kila mshahara ukiingia nilikuwa nakaa na daftari langu: mchele, umeme, nauli, ada ya Rukia. Napanga vizuri, napiga na mstari chini kwa rula! Na kila mwezi, kabla ya tarehe kumi, mipango yote imeshavurugika. Nikajiona mjinga, sijui hesabu. Ndugu zangu, hesabu nilikuwa naijua. Kilichokuwa kinanimaliza ni muhali, ule uzito wa kumkatalia mtu usoni.

Sare za harusi mnazijua. Binti wa fulani anaolewa, basi Zuhura, binti ami yangu, anakwenda Darajani ananunua jora zima la kitambaa, anakata vipande, anapita nyumba hadi nyumba. "Kipande chako hiki, Asha, nshakukatia." Hakuulizi! Nshakukatia! Utasema nini hapo? Ulipe kitambaa, umlipe fundi, utafute mtandio wa kufanana, na viatu pia, maana rangi ile huna. Wiki ya pili kuna harusi nyingine na sare nyingine, na ile ya kwanza haivaliki tena. Na kwenye daftari langu sikuwahi kuandika neno sare hata siku moja. Niliona haya. Niliandika vya mwenye duka na vya umeme, kumbe pesa zangu zilikuwa zinatoka kwa watu ninaowapenda, na hao sikuweza kuwatia kwenye orodha.

Mara moja nilijaribu kujinasua kwa uongo, Mungu anisamehe. Nilimtumia Zuhura ujumbe kwamba naumwa, harusini siendi. Alasiri hodi! Zuhura na wanawake saba wamekuja kunitazama! Nami mgonjwa, nimejifunika shuka mpaka shingoni, nikaona muhali wageni waondoke hivi hivi. Nikamtuma Rukia akanunue sambusa na juisi. Ugonjwa ule ulinigharimu kuliko sare yenyewe, na kipande changu cha kitambaa wakaniachia juu ya mto. Chekeni tu, ndugu zangu, nami sasa nacheka.

Lakini kuna siku sikucheka. Mwaka juzi, msimu wa mitihani, Rukia aliondoka asubuhi kwenda chuoni. Saa nne akarudi. Alinikuta mbele ya kioo najaribu sare ya kijani, imetoka kwa fundi muda ule ule.

"Mbona mapema?" nikamuuliza.

"Sikuruhusiwa kuingia kwenye mtihani, mama. Ada haijatimia."

Nikaanza kulia. Nikalaumu chuo, nikalaumu mshahara, nikalaumu bei ya mchele. Rukia akaniacha nimalize. Halafu akasema, wala hakupaza sauti: "Kila mtu unamwonea muhali, mama. Mimi tu ndiye usiyenionea muhali."

Neno lile lilinikata maini! Mwanangu alikuwa amesema kweli. Kwa sababu yeye hanuni, hanisemi kwa jirani, yeye ndiye niliyezoea kumwambia subiri. Nilivua ile sare, nikatandika mswala, nikashindwa hata kupanga dua. Nikasema tu, "Ya Rabbi, nipe ulimi."

Na alinipa! Nilivaa baibui langu, nikatembea moja kwa moja mpaka Malindi kwa Zuhura kabla moyo haujapoa. Nikamwambia, "Harusi nitakuja. Nitapika, nitaosha masufuria. Lakini sare sivai tena mpaka mwanangu amalize chuo."

"Lo! Watu watasemaje?"

"Watasema Asha hana. Na kweli sina."

Zuhura alininunia miezi miwili, siwafichi, niliumia. Siku ya harusi nilikaa na dera langu la zambarau katikati ya kijani tupu, natamani ardhi inimeze. Kisha nikaenda jikoni kupakua pilau. Akaja mwanamke mmoja, akaninong'oneza: "Asha, ulianzaje kusema?" Baada yake akaja mwingine na swali lile lile. Subhanallah! Kumbe tulikuwa wengi tumefungwa kamba moja, na kila mmoja anamwogopa mwenzake.

Rukia alipoteza muhula mzima. Hilo sikuweza kulirudisha. Lakini tangu hapo, siku ya mshahara nalipa ada kwanza, kabla sijafika nyumbani, kabla sijakutana na mtu. Na harusi sasa zimo kwenye daftari, kwa kiasi chake. Kikiisha, naenda na mikono yangu kusaidia kupika. Zuhura alirudi mwenyewe. Alibisha hodi bila ya kitambaa mkononi, tukakumbatiana, tukalia sote wawili.

Ndugu yangu uliyekaa hapo, mwenye daftari linalokushinda kila mwezi, usijiite mjinga. Angalia ni nani huwezi kumkatalia, na ni nani nyumbani anayelipia ukimya wako. Kisha muombe Mwenyezi Mungu. Riziki ni yake, na heshima yako iko mikononi mwake, si mwa watu wa harusini. Mtegemee Yeye, hakuachi!

Na la mwisho, lililonisimamisha hapa: Rukia amemaliza! Ijumaa hii, baada ya Alasiri, tunasoma dua ya shukrani nyumbani kwangu. Njooni nyote, na kila mtu avae nguo aliyonayo.