Upanga wa Harusi za Ngamiani

Kijiwe chetu kiko barabara ya kumi na mbili, Ngamiani, mbele ya cherehani ya Mwinyijuma, tunayemwita Jaji kwa kuwa hakuna kesi asiyoikatia hukumu, hata asipoombwa. Jioni hiyo ya mwaka hamsini na nne hapakuwa na mtu aliyekaa akatulia. Katikati ya benchi ulilala upanga wa Idarusi, kipini chake fedha tupu. Ulikuwa wa ofisa wa Kijerumani wa askari wa farasi, na marehemu babake Idarusi, aliyekuwa akimtunzia farasi wake, ndiye aliyebaki nao. Sisi sote pale tumeoa tukiushika: joho la kuazima, kilemba cha kuazima, na upanga wa Idarusi mkononi. Sharti lilikuwa moja tu, usichomolewe kutoka alani mwake. Ukichomolewa, ndoa zote zilizofungwa nao zinakatika. Sasa Mzungu mmoja anayekusanya panga za kale alikuwa njiani kuja kuununua, naye ametuma neno kwamba hanunui mpaka auone ukiwa nje ya ala. Idarusi alitaka pesa za bati. Mkewe, Mwanasiti, alikuwa amerudi kwao Tongoni tangu masika, na Idarusi akitwambia ni kwa ajili ya paa linalovuja.

— Usithubutu kuuchomoa, alisema Jaji. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Ufa uko wapi hapa, Jaji? nilimuuliza.

— Mdomo wa ala si ufa huo?

Tulimwacha. Methali za Jaji hazijapata kufika zinakotumwa.

— Mimi n'na wake wawili, alisema Uweso, kuli wa bandarini, tunayemwita Winchi kwa sauti yake inayonguruma kama mashine ya kupakulia meli. Wote n'mewaoa na upanga huu huu. Ukichomolewa leo, usiku nani atanipikia?

— Utapika mwenyewe, yakhe, nilimjibu nikicheka.

— We cheka tu. Na wako je?

Nikaacha kucheka.

— Mzungu yuaja! alisema Idarusi, akiinuka na kukaa tena. Nisipouchomoa, hanunui. Asiponunua, sina bati. Bila bati, Mwanasiti harudi. Na nikiuchomoa, huyo Mwanasiti si mke wangu tena. Haya, nambieni nifanyeje!

— Kwanza humo hamna chuma, alisema Winchi. Mna ramani. Mjerumani alipoona Mwingereza anaingia, alifukia dhahabu zake kule Maramba, kisha ramani akaitia humo.

— Dhahabu gani! alidakia Jaji. Humo mna farasi.

— Farasi ndani ya ala? aliuliza Winchi.

— Roho yake. Aliuawa vitani, bwana wake akamfungia humo wasiachane. Usiku wa harusi yangu nimemsikia akilia kwa masikio yangu haya.

— Huyo alikuwa mama mkwe wako, Jaji, nilisema.

— Astaghafiru! Basi chomoeni muone. Atatoka mbio, wake zetu wote watampanda mgongoni, moja kwa moja mpaka Ulaya!

— Wangu mkubwa anaogopa hata punda, alisema Winchi, akafarijika kidogo. Huyo atabaki.

Hapo ndipo alipofika Kristofa, mkata mkonge, aliyekuwa akingoja basi la kurudi shambani. Yeye ni Mkatoliki, kaoa kanisani kwa pete.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, baba. Kaa.

Muuza kahawa wa kijiweni akampa kikombe, nasi tukamweleza kisa chote, kila mtu kwa mdomo wake na kwa wakati mmoja. Alisikiliza mpaka tukachoka.

— Samahani, wazee. Upanga huu umepata kuchomolewa?

— Hata siku moja! alisema Jaji. Wallahi, tangu enzi za Mjerumani!

— Sasa huyo mama wa Tongoni, aliondokaje?

Jaji akaanza kutia uzi sindano ya cherehani. Winchi akashughulika na kashata yake. Mimi niliona haya, maana sote tulijua kwamba Idarusi hukaa kijiweni zaidi kuliko anavyokaa kwake, na hakuna aliyepata kumwambia. Tungemwambiaje, nasi tupo hapo hapo naye?

— Mwanasiti alikwambia ni paa? nilimuuliza Idarusi mwishowe.

— Hakuniambia, alijibu Idarusi polepole. Alifunga nguo zake, nami namtazama. La paa nimelisema mimi. Sikumuuliza.

Akasimama. Kule kwenye kona motokaa ya Mzungu ilikuwa ikipiga honi kufukuza kuku. Jaji akamdaka kanzu.

— Idarusi! Mzungu huyo! Wenda wapi?

— Tongoni.

— Na upanga?

— Akiutaka, mwambieni achomoe mwenyewe.

Mzungu aliposhuka alimkuta Kristofa peke yake na upanga benchini. Sisi tulikuwa tumeshatawanyika, kila mtu mbio kwake kumtazama mkewe. Mimi nilimkuta mke wangu ukumbini anasuka ukili wa mkeka. Akashangaa kuniona mapema. Nikakaa karibu naye, nisijue nianze kumuuliza nini.